Guanajuato kwa miguu: panda kwa basi, shuka kwa ngazi

Miji mingi ya kikoloni nchini Mexico ilichorwa kwa kamba na rula. Puebla, Morelia na Oaxaca zimepangwa safu kwa safu kama mashimo ya bao: uwanja katikati, kanisa kuu kando yake, mitaa ikikatana sawasawa. Guanajuato haikuchorwa na mtu. Mwaka 1548 ilivumbuliwa fedha kwenye milima hii, wachimbaji wakajenga popote mguu ulipopata pa kukanyaga ndani ya korongo jembamba, na nyumba zikapandiana mabegani hadi juu. UNESCO iliuingiza mji huu pamoja na migodi yake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988.

Kwa mtembezi tunaupa alama za juu kuliko mji wowote wa kikoloni wa Mexico, kwa sharti moja: usiutembee kama Puebla. Anayetoka hotelini na kupanda kila kilima kwa miguu huchoka kabla ya saa sita mchana, akamaliza siku kwenye benchi la Jardín de la Unión, kiwanja cha katikati ya mji, akiusema mji vibaya. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi au Mbeya hatasumbuka sana. Aliyetoka Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ajipe siku ya kwanza ya kwenda polepole, anywe maji mengi, na asishangae pumzi ikimkatikia kwenye ngazi ya thelathini.

Kwanza uelewe jinsi mji ulivyokaa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Guanajuato ina tabaka tatu. Chini kabisa kuna barabara ya magari inayopita ndani ya mkondo wa mto wa zamani. Mto huo ulikuwa ukifurika na kuua watu. Mafuriko makubwa ya mwaka 1905 ndiyo yaliyowasukuma kuchimba njia nyingine ya maji, na miaka ya 1960 mkondo uliobaki mkavu ukawa barabara inayoitwa Calle Subterránea. Tabaka la pili ni mitaa ya kawaida, yenye maduka, makanisa na viwanja. La tatu ni vichochoro, callejones, vinavyopanda kwa ngazi pande zote mbili za korongo.

Ramani ya simu huziona tabaka zote tatu kama karatasi moja. Itakuambia umebakiza mita 40 kufika hotelini wakati hoteli iko juu ya kichwa chako, na ngazi ya kwendea huko iko mita 300 nyuma. Ukiingia kwenye mahandaki, mshale unarukaruka au unaganda. Usigombane nayo. Shika kanuni ya maji: maji yote ya korongo yalikuwa yakielekea mtoni, na uti wa mgongo wa mji umelala juu ya mto. Ukipotea kwenye vichochoro vya katikati ya mji, shuka. Kila njia panda chagua inayoteremka, na ndani ya dakika kumi hivi utatokea Sopeña, Plaza de la Paz au Avenida Juárez. Kanuni hii ina dosari moja: vichochoro vingine huishia mlangoni kwa watu. Ukiona kamba za nguo, mitungi ya gesi na mbwa juu ya paa akikubwekea, hapo umeingia uani kwa mwenye nyumba. Salimia kwa "buenas tardes", geuka.

Mto ulikuwa ukitiririka kutoka kusini mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo mji wenyewe una mteremko. Wageni karibu wote huanzia katikati, wakapanda kwenda pande zote. Njia yetu huanzia juu. Panda basi la mjini lenye neno "Presa" kwenye kioo cha mbele (ukilichukulia kwenye vituo vya chini ya ardhi, kuna ngazi za mawe zinazoteremka huko) hadi Presa de la Olla, bwawa la katikati ya karne ya 18. Lipa sarafu, dereva hana chenji ya noti kubwa. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na kila Jumatatu ya kwanza ya Julai milango yake hufunguliwa kwa sherehe, desturi iliyobaki kutoka zama za kuutumia mkondo huo kuosha taka za mtoni. Chini ya bwawa kuna bustani yenye kivuli. Anza hapo saa mbili asubuhi, jua likiwa bado pole.

Kutoka bwawani hadi katikati ya mji ni kilomita mbili hivi, zote zikiteremka taratibu. Paseo de la Presa ina majumba ya matajiri wa mwisho wa karne ya 19. Yaangalie ukipita, huna haja ya kusimama. Baada ya bustani ya Embajadoras barabara inabana, nyumba zinasogeleana, na hapo ndipo mji wenyewe unapoanza. Kwenye kiwanja cha Teatro Cervantes utawakuta Don Quijote na Sancho Panza wa shaba. Guanajuato inampenda Cervantes, mwandishi Mhispania aliyewabuni wawili hao, ingawa hakuwahi kufika: tangu 1953 wanafunzi waliigiza michezo yake mifupi kwenye kiwanja cha San Roque, na kutoka mbegu hiyo likazaliwa tamasha la kimataifa la Cervantino mwaka 1972. Makumbusho ya picha za Quijote, karibu na kanisa la San Francisco, yanastahili saa nzima hata kwa asiyejua kisa chenyewe. Ni chumba baada ya chumba cha mtu yuleyule mwembamba aliyechorwa kwa mikono mia tofauti.

Kisha Sopeña, isiyopitwa na magari saa nyingi za siku, inakufikisha Teatro Juárez na Jardín de la Unión. Ukumbi huu wa maonyesho ulizinduliwa na Rais Porfirio Díaz mwaka 1903. Nje una nguzo za Kigiriki na sanamu za miungu wa sanaa juu ya paa. Ndani umepambwa kwa nakshi za Kiarabu za Andalusia, nyekundu, buluu na dhahabu kutoka sakafuni hadi darini. Lipa uingie. Wengi huishia kupiga picha ngazini na kukosa kitu kizuri kuliko vyote katikati ya mji. Kamera hulipiwa kando, kwa hiyo uliza kwanza. Jardín ni kiwanja cha pembe tatu chenye miti iliyokatwa mpaka majani yakawa kama dari. Kaa chini ya miti, lakini usile kwenye meza zinazokizunguka: unalipia kiti, na chakula hicho hicho unakipata kitamu zaidi mitaa miwili mbele.

Ukitoka Jardín kwenda magharibi utaiona basilika ya manjano ya karne ya 17 kwenye Plaza de la Paz. Ndani kuna sanamu ya Bikira Maria iliyotumwa kutoka Hispania na Mfalme Felipe wa Pili mwaka 1557. Ni nyumba ya ibada yenye waumini siku nzima. Vua kofia, na misa ikiwa inaendelea usizunguke na simu.

Hapa njia inagawanyika. Watalii wote hufuata Avenida Juárez, yenye kelele na njia nyembamba ya waenda kwa miguu inayomlazimisha mmoja ashuke barabarani kila wawili wakipishana. Wewe pinda kulia upande wa kanisa la La Compañía, lililomalizwa na Wajesuiti mwaka 1765, miaka miwili tu kabla ya mfalme kuwafukuza kwenye makoloni yake yote. Hatua chache mbele ni chuo kikuu, jengo jeupe lenye ngazi 113 mbele yake. Kupanda hadi juu ni hiari. Mandhari bora yanakungoja kwingine. Kutoka hapo shika mtaa wa Positos, unaokwenda sambamba na Juárez lakini juu kidogo, mtulivu, wenye milango mizuri ya mbao. Namba 47 ndipo alipozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886. Vyumba vya chini vina samani za enzi hizo, na vya juu vina kazi zake za ujana kabla hajaanza kuchora kuta.

Mwisho wa Positos unagota kwenye Alhóndiga de Granaditas. Jengo hili lipe muda. Ni ghala la mahindi lililokamilika mwaka 1809, boma la mawe lenye tundu ndogo badala ya madirisha. Neno alhóndiga limetoka kwenye Kiarabu al-funduq, neno lile lile ambalo msomaji wa Muscat au Dubai huliona leo juu ya milango ya hoteli. Tarehe 28 Septemba 1810 Wahispania na matajiri wa mji walijifungia humo na mali zao, jeshi la padri Miguel Hidalgo, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania, likiwa limejaa nje. Inasimuliwa kwamba mchimba madini aliyeitwa El Pípila alijifunga bamba la jiwe mgongoni kujikinga na risasi, akatambaa hadi mlangoni, akautia moto. Waliokuwa ndani waliuawa wengi. Mwaka uliofuata Hidalgo na viongozi wenzake Allende, Aldama na Jiménez walikamatwa na kuuawa, na vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe nne za jengo hili hadi 1821, mwaka wa uhuru. Lizunguke lote kwa nje kabla ya kuingia: kila pembe ina jina la mmoja wao. Ndani, ngazi kuu zimezungukwa na michoro ya ukutani ya José Chávez Morado. Kama makumbusho mengi ya Mexico, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usiipangie siku hiyo matembezi haya.

Chakula cha mchana kiko jirani, Mercado Hidalgo, soko la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1910. Ghorofa ya juu ni ya vinyago na fulana. Chini kuna matunda, peremende na vibanda vya chakula. Agiza enchiladas mineras, chakula cha wachimba migodi: chapati ndogo za mahindi huchovywa kwenye mchuzi wa pilipili nyekundu kavu, hukaangwa kidogo, hukunjwa na jibini mbichi ndani, halafu hufunikwa kwa viazi na karoti vilivyokaangwa kwenye mchuzi uleule, saladi na pilipili ya achari. Zikiletwa zimejaa mafuta, au chapati zimekauka kingo, ujue zilikaangwa mapema na kuachwa. Chagua kibanda ambacho mama jikoni anachovya na kukaanga mbele yako, na wenyeji wamepanga foleni saa nane mchana, saa yao ya mlo mkubwa.

Waislamu wazingatie neno moja: manteca, mafuta ya nguruwe. Maharage ya kuponda na tamales hupikwa nayo mara kwa mara, hata pale menyu inapoonyesha hakuna nyama. Uliza "¿lleva manteca?" kabla ya kuagiza, si utovu wa adabu, na wapishi hujibu ukweli. Kwa kinywaji utajisikia nyumbani: agua de jamaica ni rozela, agua de tamarindo ni ukwaju, na zote huuzwa baridi kutoka kwenye mitungi mikubwa ya vioo. Maji ya bomba usinywe. Beba karatasi ya chooni na sarafu za peso 5 na 10, maana vyoo vya soko hulipiwa.

Callejón del Beso, kichochoro cha busu, kina upana wa sentimita 68 sehemu yake nyembamba kabisa, na hadithi ya wapenzi waliobusiana kutoka roshani mbili. Mchana kuna foleni ya kupiga picha kwenye ngazi ya tatu na ada ya kupanda roshani. Pita saa mbili asubuhi au usipite. Mji una vichochoro vizuri kuliko hicho ambavyo havina jina kubwa. Makumbusho ya maiti zilizokauka, Museo de las Momias, yako juu magharibi kwenye makaburi ya Santa Paula. Ni miili ya watu wa kawaida, watoto wakiwemo, iliyofukuliwa kuanzia 1865 kwa sababu jamaa zao hawakulipa ada ya kaburi, na sasa imewekwa kwenye vioo ili itazamwe. Sisi hatuyaweki kwenye njia. Marehemu wana haki ya kusitiriwa, na foleni yake hula nusu siku.

Saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, rudi nyuma ya Teatro Juárez. Kuna kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma, funicular, kinachokupandisha hadi kwenye sanamu ya El Pípila kwa muda mfupi mno. Kata tiketi ya kwenda tu. Ukichelewa ukafika jua likiwa linazama, utamkuta kila mgeni mjini yuko kwenye foleni hiyo, na utafika juu giza limeingia. Sanamu ya mwaka 1939 ni kubwa na ya waridi, ila sababu ya kupanda ni ukuta ulio mbele yake: mji wote uko miguuni pako, basilika ya manjano upande mmoja, chuo kikuu cheupe kama keki upande wa pili, na mlima wa nyumba za rangi zote nyuma yake. Ngoja taa ziwake. Kisha shuka kwa miguu kupitia Callejón del Calvario, uliowekewa alama. Ni robo saa hivi ya ngazi zinazopinda. Kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo weka mguu wote kwenye kila ngazi, na tumia tochi ya simu pale taa zilipoungua.

Siku ya pili iende La Valenciana, kilomita tano hivi juu ya mji. Basi lenye neno "Valenciana" hupita jirani na Alhóndiga. Kanisa la San Cayetano, lililomalizwa mwaka 1788, lilijengwa kwa pesa za mgodi ulio kando yake, na ndani kuna madhabahu tatu za mbao zilizopakwa dhahabu kutoka chini hadi juu, bila nafasi ya kiganja iliyoachwa wazi. Sisi tunaita silver na pesa kwa neno moja, fedha, na hapa utaelewa kwa nini. Reale za Kihispania zilizotengenezwa kwa fedha ya Mexico zilivuka bahari mbili, na jina lao ndilo asili ya riyali ya Oman na ya riale waliyohesabia wafanyabiashara wa Zanzibar. Unaweza kuingia kwenye midomo ya migodi ya zamani na kiongozi; ngazi za humo zina unyevu na chini kuna joto, mwenye pumu afikiri mara mbili. Usirudi kwa miguu. Barabara ina kona nyingi, haina njia ya waenda kwa miguu, na mabasi hushuka kwa kasi.

Usiku kuna estudiantinas, vikundi vya wanamuziki waliovaa majoho ya Kihispania ya karne ya 17. Hukusanyika mbele ya kanisa la San Diego, kisha huzungusha watu vichochoroni wakiimba. Wauza tiketi watakusumbua tangu mchana, usinunue mapema. Nusu ya burudani ni utani wa Kihispania cha haraka. Kama huelewi, sikiliza nyimbo za mwanzo bure pale kwenye ngazi za kanisa, halafu nenda Plaza San Fernando ukanywe kahawa. Kama unaelewa, lipa, na ukae karibu na mpiga gitaa, si nyuma ambako husikii chochote.

Makosa makubwa hufanyika kabla ya safari, wakati wa kukodi chumba. Nyumba yenye "mandhari ya ajabu" iko juu, na teksi haiingii vichochoroni. Muulize mwenyeji swali moja: kutoka teksi inaponishusha hadi mlangoni ni ngazi ngapi? Akikwepa kujibu, ni nyingi. Zaidi ya sitini na sanduku la kilo 20 ni adhabu. Magurudumu hayasaidii kitu kwenye ngazi za mawe, chukua begi la mgongoni. Katikati ya mji nako kuna tatizo lake: vyumba vya Sopeña na Jardín hupata muziki hadi usiku wa manane, hivyo omba cha nyuma. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno. Mawe ya barabarani yamesuguliwa na miguu ya miaka mingi, na mvua za Juni hadi Septemba, zinazopenda kunyesha alasiri, huyafanya yateleze kama sabuni. Novemba hadi Aprili ni pakavu. Desemba na Januari usiku ni baridi ya kuvaa sweta nzito. Oktoba ni ya Cervantino: tamu kwa mpenda sanaa, ila chumba kitafutwe miezi kabla.

Vibanda vilivyoandikwa "Información Turística" mara nyingi ni vya mawakala wanaouza safari za gari. Chukua ramani, shukuru, endelea kutembea.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anahitaji viza, na ubalozi wa Mexico uko Nairobi. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen kwa kawaida huruhusiwa kuingia bila ya Mexico, lakini hakikisha ubalozini kabla ya kukata tiketi. Kutoka Mexico City mabasi mazuri huondoka Central del Norte na huchukua saa tano hivi. Uwanja wa ndege wa karibu uko Silao, kilomita 30 hivi.

Siku ya kuondoka, kituo cha mabasi kiko nje ya mji na basi la mjini lenye neno "Central" hufika huko. Jipe saa nzima hata kama simu inasema dakika ishirini: mahandaki mengi ni ya upande mmoja, na lori moja likikwama humo, dereva hana pa kugeuzia.